Mzio wa Chakula Unaoamshwa na Mazoezi kwa Watoto: Nusu ya Habari Iko Nyumbani, Nusu Iko Shuleni

Maganzo ni mji mdogo wa Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, kando ya barabara kuu iendayo Mwanza na jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, ambao Mkanada John Williamson aliugundua mwaka 1940. Watoto wa mji wa namna hii hawahitaji kuhimizwa kufanya mazoezi, kwani kutwa yao imejaa mazoezi. Huenda shule kwa miguu, hukimbia mchakamchaka kabla ya masomo, huchota maji, huendesha baiskeli, huchunga mifugo, na jioni hucheza mpira penye uwanja wowote ulio wazi. Timu ya Mwadui iliwahi kufika Ligi Kuu, na kila mtoto mwenye mpira wa makaratasi anayo haki ya kuota kwamba naye atafika huko.

Kwa walio wengi, haya yote ni afya. Wapo hata hivyo watoto wachache ambao mbio zinapofuata mlo fulani huwaletea mzio mkali wa mwili mzima, uitwao anafilaksia, ambao unaweza kuua kwa muda mfupi. Jambo la ajabu katika ugonjwa huu ni kwamba mtoto huyohuyo akila chakula kilekile na kutulia, hapatwi na lolote. Akikimbia bila kukila, hapatwi na lolote. Hatari huzaliwa pale viwili hivyo vinapokutana. Ndiyo maana ugonjwa huu huchelewa kutambuliwa hata na wazazi makini na wahudumu wenye uzoefu.

Masharti mawili kwa pamoja

Chukulia mfano wa kufikirika wa mvulana wa miaka 12, mwanafunzi wa darasa la sita. Siku nyingi huondoka nyumbani tumbo likiwa tupu, au akiwa amekunywa uji wa mtama. Asubuhi moja anakuta maandazi yaliyobaki jana. Anakula matatu kwa chai, kisha anakwenda shule na kuingia katika mchakamchaka. Baada ya dakika kumi na tano viganja vinaanza kumwasha. Vipele vyekundu vilivyovimba vinatokea kifuani na mapajani, kope zinajaa, sauti inakwaruza. Anakohoa, anatapika, kisha anaishiwa nguvu na kuanguka.

Mwalimu aliyeshuhudia anajua kwamba mtoto huyu hukimbia kila siku bila tatizo. Kwa hiyo haoni sababu ya kuyatilia shaka mazoezi. Mama anapoitwa anakumbuka kwamba mwanawe hula maandazi kila Jumapili bila tatizo. Kwa hiyo haoni sababu ya kukitilia shaka chakula. Kila mmoja anasema kweli, na kila mmoja anayo nusu tu ya habari. Mtoto anapofika zahanati, vipele vimeanza kupungua. Anapimwa malaria, anaandikiwa dawa, anarudi nyumbani. Kilichotokea hakijapata jina, na siku maandazi na mbio vitakapokutana tena, kinaweza kurudi kwa nguvu zaidi.

Neno anafilaksia lilitungwa mwaka 1902 na Wafaransa Charles Richet na Paul Portier, na kazi hiyo ilimpatia Richet Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Ilichukua miaka mingi zaidi kabla ya kufahamika kwamba mazoezi yanaweza kuwa mshirika wa chakula. Mwaka 1979 madaktari wa Marekani walieleza habari za mkimbiaji aliyepatwa na anafilaksia alipokimbia baada ya kula viumbe wa baharini wenye magamba. Tangu hapo wagonjwa wa aina hiyo wameelezwa katika nchi nyingi.

Si ugonjwa wa kawaida. Katika jiji la Yokohama, nchini Japani, watafiti waliwauliza wauguzi wa shule kuhusu wanafunzi 76,229 wa sekondari ya chini. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2001, yalionyesha wanafunzi 13 wenye mzio unaohitaji chakula na mazoezi kwa pamoja, yaani takriban mmoja kati ya 6,000. Inafaa kutambua ni nani waliulizwa. Hawakuwa madaktari wa hospitali kubwa, bali watu wanaowaona watoto wakiwa katika michezo.

Kwa nini mbio hukibadilisha chakula

Mwili wa mtoto mwenye mzio umetengeneza kingamwili za aina ya IgE dhidi ya protini fulani ya chakula. Kingamwili hizi hukaa juu ya seli masti, ambazo zimetawanyika katika ngozi, njia ya hewa, utumbo na kando ya mishipa ya damu. Protini husika ikifika kwa wingi, seli hizo hufunguka na kumwaga histamini na kemikali nyingine. Mishipa ya damu hutanuka na kuvuja, ngozi huvimba, njia ya hewa hubana, na shinikizo la damu hushuka.

Mtoto akiwa ametulia, kiasi kidogo cha protini hiyo kinachopenya utumbo hakitoshi kuziamsha seli hizo. Mazoezi hubadilisha hali hiyo kwa njia ambazo wanasayansi bado wanazichunguza. Wakati wa mbio damu huelekezwa kwenye misuli na ngozi, ukuta wa utumbo hupitisha vitu kwa urahisi zaidi, na protini ambazo hazijameng'enywa vya kutosha huingia katika damu. Inadhaniwa pia kwamba seli masti zenyewe huwa nyepesi kufunguka mwili unapokuwa katika jitihada.

Mazoezi si kichocheo pekee. Dawa za maumivu za jamii ya aspirini, zikiwamo ibuprofeni na diklofenaki, zinaweza kufanya kazi ileile au kuiongezea nguvu. Kadhalika homa, uchovu, joto kali, pombe, na kwa wasichana siku za hedhi. Hii ndiyo sababu mtoto anaweza kula na kukimbia mara tano akabaki salama, kisha mara ya sita akaanguka: pengine siku hiyo alikula zaidi, alikimbia kwa kasi zaidi, au alimeza kidonge cha kutuliza maumivu ya jino. Ugonjwa unaokuja na kutoweka hivi huwafanya watu wazima wamshuku mtoto kuwa anajifanya. Mtoto anayesema kwamba mbio humletea muwasho na kizunguzungu asikilizwe kwanza. Asiitwe mvivu, wala asilazimishwe kumaliza mzunguko uliobaki.

Vyakula vya kutiliwa shaka

Ngano ndiyo inayotajwa zaidi katika taarifa za kitabibu. Mwaka 1999 watafiti wa Finland walionyesha kwamba protini ya ngano iitwayo omega-5 gliadini ndiyo inayohusika kwa wagonjwa wengi wa aina hii. Vyakula vingine vilivyotajwa ni viumbe wa majini wenye magamba, hasa kamba, pamoja na karanga na njugu za aina mbalimbali, mayai, maziwa, nyanya na baadhi ya matunda.

Katika nyumba za Usukumani vyakula vya asili ni ugali wa mtama, uwele au mahindi, wali, mlenda, na viazi vitamu vilivyokaushwa, yaani michembe na matobolwa, ambavyo mara nyingi huliwa pamoja na karanga. Ngano huja kwa njia ya maandazi, chapati, sambusa na mkate, vyakula ambavyo mtoto hula akiwa njiani au wakati wa mapumziko ya saa nne asubuhi, mara nyingi bila mzazi kujua. Hivyo jibu la mama kwamba "amekula uji tu" linaweza kuwa la kweli kuhusu nyumbani na pungufu kuhusu siku nzima.

Uji nao unahitaji kuulizwa. Unga unaouzwa kwa jina la unga wa lishe mara nyingi huwa ni mchanganyiko wa nafaka kadhaa pamoja na karanga au soya, na baadhi ya michanganyiko huwekwa ngano. Mhudumu akisikia neno uji, aulize umetengenezwa kwa unga gani.

Wazazi wengi huuliza: itawezekanaje chakula ambacho mtoto amekila tangu utotoni kiwe adui leo? Mzio unaweza kuanza umri wowote, na si lazima uanzie tumboni. Nchini Japani sabuni ya uso iliyotiwa protini ya ngano iliondolewa sokoni mwaka 2011, baada ya watumiaji wengi waliokuwa wakila ngano maisha yao yote kupata mzio wa ngano kupitia ngozi. Wengi wao waliugua walipokula ngano kisha wakajishughulisha.

Huchanganywa na magonjwa gani

Mtoto anayekohoa na kupumua kwa mluzi baada ya kukimbia mara nyingi huambiwa ana pumu, na huenda kweli anayo. Pumu ya mazoezi hata hivyo haileti vipele, uvimbe wa midomo wala kutapika. Anayeanguka ghafla hudhaniwa kuwa na kifafa. Tofauti ni kwamba mwenye anafilaksia kwa kawaida huanza kwa muwasho, uwekundu au hisia ya joto kabla ya kuanguka. Kuna pia vipele vidogovidogo vya joto na jasho, ambavyo hutokea mtoto akioga maji ya moto au akipata homa, bila kujali amekula nini.

Katika maeneo yenye malaria, kipimo kuonyesha vimelea hakitoshi kueleza kwa nini mtoto alivimba kope na kuzirai uwanjani. Yale yaliyotokea yaandikwe kando ya majibu ya kipimo, yasifutwe nayo. Kwa upande mwingine, mtoto anayezirai wakati wa mazoezi bila dalili yoyote ya ngozi, ya upumuaji au ya tumbo achunguzwe moyo bila kuchelewa. Na kwa kuwa selimundu ni ugonjwa wenye mizizi katika Kanda ya Ziwa, mtoto anayepata maumivu makali baada ya mazoezi apimwe ugonjwa huo.

Yako pia maelezo ambayo familia huja nayo: kurogwa, mapepo, au sumu iliyotiwa katika chakula. Mhudumu hatasaidia kwa kuyacheka. Atasaidia zaidi akiwaonyesha wazazi mpangilio wa matukio: siku alizokula na kukimbia, na siku alizofanya kimoja tu. Mpangilio huo wenyewe hueleza mengi.

Maswali manne, na mipaka ya vipimo

Utambuzi wa ugonjwa huu hutegemea historia kuliko maabara. Mtoto yeyote aliyepata vipele, uvimbe, shida ya kupumua au kuzirai wakati wa shughuli ya mwili aulizwe maswali manne. Alikula na kunywa nini katika saa sita zilizotangulia, nyumbani, njiani na shuleni? Alikuwa akifanya nini, na dalili zilianza baada ya dakika ngapi? Alimeza dawa gani siku hiyo, hata ya kununua dukani? Je, kiliwahi kutokea kitu kama hiki kabla?

Majibu yaandikwe katika daftari ambalo mgonjwa huja nalo kituoni: chakula, shughuli, muda kati ya hivyo viwili. Mistari hiyo mitatu, ikirudiwa kila tukio, inaweza kumfikisha daktari wa hospitali ya mkoa au wa Bugando kwenye jibu haraka kuliko rufaa ndefu isiyotaja chakula. Mara nyingi chakula huwa kimeliwa ndani ya saa nne kabla ya dalili. Mazoezi nayo si lazima yawe mbio. Kwa wengine kutembea haraka na ndoo ya maji kunatosha.

Vipimo vya ngozi na vya damu vina nafasi yake, hasa kipimo cha kingamwili dhidi ya omega-5 gliadini pale kinapopatikana. Lakini katika ukanda wenye kichocho na minyoo visomwe kwa uangalifu. Maambukizi hayo hupandisha IgE kwa jumla. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa shule nchini Ghana na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa watoto wengi walikuwa na kingamwili dhidi ya karanga bila kuwa na mzio wa karanga, na hali hiyo ilihusishwa na kichocho. Jibu la maabara lisilolingana na historia lisimnyime mtoto chakula. Kipimo cha kumlisha na kumkimbiza mtoto ili kuona kitakachotokea hufanywa hospitalini tu, chini ya wataalamu wenye vifaa vya kuokoa maisha. Kisijaribiwe nyumbani wala shuleni.

Dakika za kwanza

Uchunguzi wa vifo vya anafilaksia nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba pale chanzo kilipokuwa chakula, nusu ya waliokufa moyo wao ulisimama ndani ya dakika 30 hivi. Kwa hiyo matibabu hayapaswi kungoja hospitali ya rufaa.

Shuleni au uwanjani, jambo la kwanza ni kusimamisha mazoezi dalili ya kwanza inapotokea, hata ikiwa ni muwasho tu. Mtoto alazwe chali na miguu iinuliwe. Akiwa anatapika au amepoteza fahamu, alazwe ubavu. Akiwa anahangaika kupumua, aachwe akae, miguu ikiwa imenyooshwa mbele. Asisimamishwe wala kutembezwa, kwa sababu shinikizo la damu lililoshuka linaweza kuufanya moyo ukose damu ya kusukuma pindi anapoinuka. Wapo waliofariki muda mfupi baada ya kuinuliwa. Hapa ndipo ilipo hatari ya kumpakia mtoto aliyelegea kwenye bodaboda, akiwa amekaa wima katikati ya watu wawili. Gari au bajaji ambamo anaweza kulala ni bora. Kama zahanati iko karibu, mhudumu aitwe aje na dawa alipo mtoto. Asinyweshwe maziwa kwa imani kwamba yanaua sumu: anaweza kupaliwa, na pengine maziwa ndiyo yaliyomdhuru.

Kituoni, dawa ya kwanza ni adrenalini, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hudungwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati ya nyonga na goti. Kipimo ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, kisichozidi miligramu 0.3 kwa mtoto. Kwa kichupa chenye miligramu 1 katika mililita 1, mtoto wa kilo 20 hupata mililita 0.2, na wa kilo 30 hupata mililita 0.3. Asipopata nafuu baada ya dakika tano, sindano irudiwe. Oksijeni itolewe ikiwapo, na dripu ya maji ya chumvi iwekwe iwapo shinikizo la damu limeshuka.

Dawa za kuzuia histamini hupunguza muwasho, lakini hazifungui koo lililovimba wala hazipandishi shinikizo la damu. Haidrokotisoni huchelewa kufanya kazi. Kuanza na dawa hizo huku adrenalini ikiwa kabatini ni kupoteza dakika ambazo mtoto hana. Wala mhudumu asisubiri vipele ili athibitishe: dalili za ngozi huonekana kwa asilimia 80 hadi 90 ya wagonjwa, maana yake wapo wasio nazo kabisa. Mtoto aliyepata nafuu abaki chini ya uangalizi kwa saa sita au zaidi, kwani dalili zinaweza kurudi bila yeye kula tena.

Aendelee kula, na aendelee kucheza

Baada ya hofu ya tukio, wazazi wengi huchagua katazo moja kubwa: mtoto asile tena chakula hicho, au asicheze tena. Mara nyingi hakuna katazo linalohitajika kwa ukubwa huo. Chakula kikishatambuliwa, kanuni ya msingi ni kutokila kwa angalau saa nne kabla ya mazoezi. Wataalamu wengine hushauri saa sita. Mtoto mwenye mzio wa namna hii kwa ngano anaweza kupata uji wa mtama au wa mahindi usiochanganywa, viazi au wali siku ya shule, na maandazi akayala jioni, kazi na michezo ikiwa imekwisha. Kama daktari hajakitambua chakula chenyewe, basi mtoto asifanye mazoezi mazito kwa saa nne baada ya mlo wowote.

Asimeze dawa za jamii ya aspirini kabla ya michezo. Wauzaji wa maduka ya dawa muhimu waelezwe hali yake, na parasetamoli huwa chaguo salama zaidi kwa walio wengi. Asikimbie wala kuchunga peke yake mbali na watu. Nchi nyingine watoto hawa hupewa kalamu ya adrenalini ya kujidunga wenyewe. Pale ambapo kalamu hiyo haipatikani au bei yake haifikiki, zahanati iliyo karibu na shule ijue jina la mtoto na ihakikishe kichupa cha adrenalini hakikosekani wala hakijapita muda wake.

Lililobaki ni kuziunganisha nusu mbili za habari. Tabibu anayemhudumia mtoto aandike barua fupi kwa mwalimu mkuu, nakala abaki nayo mzazi: chakula gani, kisiliwe muda gani kabla ya michezo, dalili za kwanza ni zipi, mtoto alazwe vipi, na namba ya simu ya zahanati. Barua hiyo isomwe kwa mwalimu wa michezo na kwa walimu wa zamu, na isomwe upya kila muhula unapoanza, kwa kuwa walimu huhama. Naye mtoto mwenyewe, ikiwa amefikia umri wa kuelewa, afundishwe kusema wazi mbele ya mwalimu yeyote: "Nimekula ngano, leo sikimbii."